Inuka Usimame, Hakuna Aliyekugusa

Ndugu zangu mnaopenda kikapu, nina neno nanyi, na sitalizungusha. Mchezaji anayejiangusha uwanjani bila kuguswa ametoa ushahidi wa uongo. Watangazaji wanauita ujanja, makocha wanauita uzoefu, na vijana wanaurudia mazoezini huku wakicheka. Mimi nauita kwa jina lake. Mtu huyo amesimama mbele ya mwamuzi, mbele ya maelfu walioko ukumbini na mamilioni walioko majumbani, akaapa kwa mwili wake mwenyewe kwamba ametendewa jambo ambalo hakutendewa. Kwa kiapo hicho mwenzake asiye na hatia anaandikiwa kosa, na yeye anasindikizwa hadi kwenye mstari wa mitupo huru kupokea pointi za bure.

Picha yenyewe mnaijua. Ninyi mnaojinyima usingizi, mkaamka saa nane au saa tisa usiku Dar es Salaam, Nairobi au Lubumbashi ili muitazame fainali ya NBA ikichezwa Marekani jioni, mmeiona mara nyingi mpaka mmeizoea. Bega la mshambuliaji linapita karibu na kifua cha beki. Limepangusa jezi tu. Ghafla kichwa kinarushwa nyuma, mikono inapaa, ukelele unatoka, na mwanamume wa kilo mia na zaidi anateleza chali juu ya mbao hadi miguuni mwa wapiga picha. Hapo mtazameni macho. Aliyeumia hufumba macho, au huyaelekeza panapouma. Huyu macho yake yako kwa refa. Anaisubiri filimbi.

Mfikirieni na huyo refa. Tangu msimu wa 1988-89 ligi ile imekuwa na waamuzi watatu kila mchezo. Watatu hao wanaangalia miili kumi, mingi yake ikizidi mita mbili kwa urefu, ikigongana kwa kasi kwa dakika 48. Mara nyingi mgongo wa mtu umemkinga asione. Ana muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Amesikia kishindo, ameona mwili unaruka, naye anafanya anachofanya hakimu yeyote ambaye tukio lilitendeka nyuma ya ukuta: anapima dalili. Mwongo analijua hilo. Kazi yake yote ni kuzitengeneza dalili. Kishindo anakitengeneza kwa kiganja chake kikipiga sakafu, mwili anaurusha mwenyewe, na uso anaukunja kabla hata hajafika chini.

Sasa, kuanguka peke yake si dhambi. Beki anayewahi mahali pake, akaikita miguu, akashusha mikono na kulipokea goti na bega la jitu linalokuja mbio, huyo ametenda jambo la kishujaa katika mchezo huu. Anajua ataumia na bado hahami. Akiangushwa, ameangushwa kweli, na faulo ya mshambuliaji aliyoipata ni haki yake iliyolipwa kwa mbavu zake. Sheria yenyewe imekuwa ikimlinda na kumwekea mipaka kwa hekima: mwaka 1997 NBA ilichora nusu duara chini ya kikapu, futi nne kutoka katikati yake, ili beki asije akajisimika pale chini kumvizia mtu ambaye tayari yuko hewani na hana pa kutua. Ule mstari mdogo unatuambia kwamba watunga sheria waliwafikiria wote wawili, anayesimama na anayeruka. Mwenye kujiangusha hakumfikiria yeyote. Anachukua heshima ya yule beki jasiri na kuichezea. Mwenye kutia maji katika maziwa hamwibii mnunuzi wake peke yake. Anawaharibia wauzaji wote wa mtaa, mpaka na yule aliyekamua alfajiri kwa mikono safi anaonjwa kwa mashaka.

Na madhara haya hayakuanza jana. Nendeni nami hadi tarehe 31 Mei 2002, Los Angeles, mchezo wa sita wa fainali ya Kanda ya Magharibi. Sacramento Kings wanaongoza kwa ushindi wa michezo mitatu kwa miwili. Wakishinda usiku ule, wanakwenda fainali. Katikati ya timu yao amesimama Vlade Divac, Mserbia mrefu mwenye pasi tamu, mtu wa kipaji halisi ambaye mwaka 2019 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huu. Lakini ndiye pia aliyejulikana kuliko karibu wote wa zama zake kwa kuanguka. Mbele yake yupo Shaquille O'Neal wa Los Angeles Lakers, mlima wa mtu, ambaye kwa miaka alilalamika hadharani kwamba watu wanajirusha kila akigeuka. Kila mgongano wa wawili hao ulikuwa kesi: amesukuma au hakusukuma? Ameanguka au amejiangusha? Na baada ya miaka ya kesi za namna hiyo, hakuna aliyekuwa na uhakika wa lolote.

Robo ya nne ikaja. Lakers wakapewa mitupo huru 27 katika robo ile moja. Ishirini na saba! Divac akatolewa kwa faulo sita, na Scot Pollard aliyekuwa akimpokea akatolewa pia. Dakika za mwisho kiwiko cha Kobe Bryant wa Lakers kikampata Mike Bibby wa Kings usoni, damu ikatoka puani, na filimbi haikulia kwa kiwiko kile. Lakers wakashinda 106 kwa 102. Malalamiko yalikuwa makubwa hata Ralph Nader, mwanaharakati wa haki za walaji anayejulikana Marekani nzima, akamwandikia barua kamishna David Stern akitaka uamuzi wa mchezo ule uchunguzwe. Ni haki niseme pia kwamba siku mbili baadaye, nyumbani kwao, Kings walipewa mitupo huru 30 na wakafunga 16 tu, wakapoteza mchezo wa saba katika muda wa nyongeza. Hilo mashabiki wa Sacramento hawapendi kukumbushwa, na mimi nawakumbusha kwa makusudi, kwa sababu anayetaka ukweli kwa refa hana budi kuukubali na ule unaomhusu mwenyewe.

Miaka mitano baadaye jipu likapasuka. Julai 2007 ilijulikana kwamba refa Tim Donaghy, aliyechezesha kwa misimu kumi na mitatu, alikuwa akicheza kamari juu ya michezo ya ligi na kuwauzia wacheza kamari habari za ndani. Agosti mwaka ule akakiri mahakamani, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Kabla ya hukumu mawakili wake walitoa tuhuma zilizomfanya kila mtu aukumbuke mchezo ule wa 2002. Ligi ikazikana, wala hazikuthibitishwa. Lakini ulizeni leo: ni wangapi walizikataa? Watu wengi walizimeza mara moja, kwa sababu walikuwa wameshaishi miaka mingi katika nyumba ambamo kila kuanguka kunatiliwa shaka. Wachezaji waliwafundisha watazamaji kwamba uwanjani mtu husema uongo kwa mwili wake kila usiku. Basi mtazamaji aliposikia kwamba refa naye ni mwongo, hakushangaa. Donaghy alitenda uovu wake mwenyewe na ameubeba. Ila udongo aliopanda mbegu yake ulikuwa umelimwa na wengi.

Na mwaka mmoja kabla ya kashfa hiyo ilikuwa fainali ya 2006, Dallas wakiongoza kwa ushindi wa michezo miwili, kisha Dwyane Wade wa Miami akaanza kuingia ndani, na filimbi zikaanza kulia. Katika michezo sita alikwenda mstarini mara 97. Mchezo wa tano peke yake alirusha mitupo huru 25, sawasawa na timu nzima ya Dallas. Wade alikuwa akigongwa kweli, mara nyingi, na mwili wake ulilipa baadaye. Ni zipi zilikuwa za kweli na zipi hazikuwa? Mpaka leo watu wa Dallas na watu wa Miami hawaelewani, na hawataelewana, kwa kuwa sarafu ya ukweli ilikuwa imekwisha kughushiwa kabla hawajaketi mezani.

Baadaye uongo ukasomeshwa hadi chuo kikuu. Hakuna tena haja ya kuanguka. Unaona mkono wa beki uko mbele, unaukwapua kwa mkono wako, unauvuta kifuani na kurusha mpira wakati huohuo, kisha unapiga kelele. Au unasimama ghafla mbele ya mtu anayekufuata kwa kasi, unamrudia kwa mgongo, unarusha. James Harden, mfungaji wa kipaji kikubwa sana, aliimiliki kazi hiyo kuliko mtu mwingine. Msimu wa 2018-19 alipata wastani wa pointi 36.1 kwa mchezo, na alikwenda mstarini wastani wa mara 11 kila usiku. Wengine wakaiga, Trae Young akiwemo, na ikafika mahali mtu anarusha mguu pembeni au kuuegemeza mwili wote kwa beki, mtupo ambao hakuna mtu mwenye nia ya kufunga angeurusha hivyo. Mwanzoni mwa msimu wa 2021-22 ligi ikawaagiza waamuzi waache kuwalipa watu kwa miondoko isiyo ya kikapu. Na ajabu gani ilitokea? Mitupo huru ikapungua ligi nzima kwa majuma yale ya kwanza, mchezo ukatiririka, mabeki wakapumua. Ilitosha agizo moja. Miaka yote tuliyoambiwa kwamba hakuna la kufanya, la kufanya lilikuwepo.

Ndugu zangu, sasa nifikie linaloniuma.

Uongo huu anaulipa nani? Mnasema refa, kwa kuwa ndiye anayezomewa. Mnasema timu iliyopoteza. Hao wanalipa, naam. Lakini anayelipa deni kubwa ni mtu wa kesho ambaye ataumizwa kweli na hatasadikiwa.

Mei 2013, katika mchezo wa nne wa fainali ya Kanda ya Mashariki kati ya Indiana na Miami, wachezaji watatu walitozwa faini ya dola 5,000 kila mmoja kwa kujiangusha. Wawili walikuwa wa Indiana, David West na Lance Stephenson. Wa tatu alikuwa LeBron James, mchezaji bora wa mwaka ule, mtu mwenye mwili kama chuma, ambaye hakuna upepo ungeweza kumwangusha. Shikeni picha hiyo, kisha twende hadi tarehe 28 Januari 2023, Boston. Alama ni 105 kwa 105. Zimebaki sekunde chache mno. Mtu yuleyule, sasa ana miaka 38 na anachezea Lakers, anaingia kikapuni kwa mkono wa kushoto, na Jayson Tatum wa Boston anamchapa mkono waziwazi, mbele ya macho ya kila mwenye runinga. Filimbi kimya. LeBron anapiga magoti sakafuni akilia kwa hasira. Mwenzake Patrick Beverley anachukua kamera ya mpiga picha na kumpelekea refa ili aone kwa macho yake, naye anaadhibiwa kwa faulo ya kiufundi. Lakers wanapoteza katika muda wa nyongeza, 125 kwa 121. Chama cha waamuzi chenyewe kikatoka hadharani kukiri kwamba walikosea na kwamba jambo lile limewaumiza.

Sisemi filimbi ilinyamaza Boston kwa sababu ya Indiana. Hilo analijua Mungu na refa. Nasema hivi: mtu akipiga magoti na kulia, na nusu ya dunia inacheka ikisema anaigiza tena, basi ameporwa kitu ambacho pesa hairudishi. Na waliompora ni wote waliowahi kuanguka bila kuguswa, yeye mwenyewe akiwa miongoni mwao. Nilimwona akilia usiku ule kwenye runinga na nilimwonea huruma ya kweli, kwa sababu safari hii alikuwa anasema kweli kwa mwili wake wote.

Au chukueni jeraha lenyewe, jeraha la nyama na mfupa. Tarehe 14 Mei 2017, San Antonio wanawaongoza Golden State kwa pointi 23 kwenye uwanja wa ugenini. Kawhi Leonard wa San Antonio anaruka kurusha. Zaza Pachulia wa Golden State anamfuata na kuingiza mguu wake pale Leonard anapotua. Kifundo cha mguu kinapinda. Leonard anatoka na hachezi tena mfululizo ule; Golden State wanashinda usiku huo 113 kwa 111, kisha wanashinda mitatu iliyobaki. Kutokana na maumivu yale ligi iliimarisha ulinzi wa mrushaji: beki anayeingia ovyo katika nafasi ya kutua anaweza kuandikiwa faulo mbaya zaidi. Ilikuwa sheria njema, iliyozaliwa na kifundo cha mguu cha mtu halisi. Na walimwengu wakaifanyia nini? Warushaji wakaanza kuitupa miguu yao mbele, kuutafuta mguu wa beki, kuukanyaga kwa makusudi, kisha kujigaragaza. Wakaikamata ngao iliyotengenezwa kwa ajili ya majeruhi na kuigeuza chombo cha kuibia. Kama kuna jambo katika mchezo huu linalostahili kuitwa kufuru, ni hilo.

Enyi wakuu wa ligi, nanyi sikieni. Nawapa sifa panapostahili. Mwaka 2012 mliweka adhabu: onyo kwanza, kisha dola 5,000, 10,000, 15,000, hadi 30,000 kwa kosa la tano. Reggie Evans wa Brooklyn akawa wa kwanza kutozwa. Ikawa kishindo cha msimu mmoja au miwili, kisha mkalegea. Mwaka 2023 mkaja na dawa bora zaidi, faulo ya kiufundi papo hapo, mpinzani anapewa mtupo huru mmoja, na mwongo anatozwa dola 2,000. Mtupo huo mmoja una thamani kuliko faini zote, kwa kuwa unamgusa mchezaji pale anapojali, kwenye ubao wa alama, mbele ya wenzake. Lakini dola 2,000! Msimu ule ulioanza na sheria hiyo, Stephen Curry alilipwa zaidi ya dola milioni 51. Gawanyeni kwa michezo 82 muone. Yeye nimemtaja kwa mshahara tu. Kwa watu wa kipato hicho faini ya namna hii haipiti hata akilini. Ifanyeni iwe sehemu ya mshahara wa mchezo mmoja, sehemu itakayomfanya mtu aulize nyumbani pesa imekwenda wapi.

Na ile taarifa ya dakika mbili za mwisho mliyoianza mwaka 2015, inayosema wazi wapi waamuzi walipatia na wapi walikosea, msiishie kuwavua nguo waamuzi peke yao. Andikeni humo na jina la aliyejiangusha. Tena msihesabu dakika mbili za mwisho tu, maana uongo wa robo ya kwanza unaandikwa ubaoni kwa pointi zilezile. Mnacho kituo cha marudio kule Secaucus, New Jersey, kilichojaa runinga na watu wanaotazama kila mchezo kila usiku. Macho mnayo.

Nanyi waamuzi, ndugu zangu wenye kazi ngumu. Simchochei mtu yeyote amtukane refa, na anayewafuata hadi majumbani kwenu na vitisho ni mhalifu, si shabiki. Ila nawaomba muwe na ujasiri wa kuinyima filimbi. Mtu akiruka chali na hamkuona mguso, acheni mpira uendelee. Mwacheni alale pale chini. Watazameni wenzake wanne wakikaba dhidi ya watano kwa sababu yake. Hakuna faini inayofundisha kama kikapu kilichofungwa wakati mwongo amelala.

Mashabiki, sikuwasahau. Mei 2025 watu wa Minnesota walimwimbia Shai Gilgeous-Alexander wa Oklahoma City kwamba ni mchuuzi wa mitupo huru, kila alipokwenda mstarini, ukumbi mzima kwa sauti moja. Mchezaji bora wa msimu ule, aliyekuwa na wastani wa pointi 32.7, anayefunga kutoka pande zote, na ambaye ni kweli huanguka kwa wepesi kuliko ninavyopenda. Mlikuwa na haki ya kuzomea. Lakini nawauliza, ninyi na wenzenu wa kila timu: wa kwenu alipoanguka vilevile, mlizomea? Mlisimama na kushangilia! Mkamwita mjanja. Hasira yenu ilikuwa juu ya jezi. Na maadamu hasira ni ya jezi, mchezaji anajua kwamba nyumbani ataabudiwa kwa uongo uleule anaotukanwa nao ugenini, naye hana sababu hata moja ya kuacha.

Na wako wengine, wengi wao ni vijana wetu wa huku, ambao hawajali timu wala jezi. Wanajali mkeka wa kubashiri. Wameweka elfu mbili, elfu tano, pesa ya nauli, juu ya pointi za mtu ambaye hawajawahi hata kumwona akicheza mchezo mzima. Kwao kujiangusha ni kwema kukitimiza mkeka na ni wizi kukiuchana. Vijana, mjue mko karibu na nini. Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter wa Toronto Raptors. Alikuwa amewaambia wacheza kamari kwamba atatoka mapema, kisha akatoka kweli, mara moja kwa madai ya jeraha na mara nyingine kwa madai ya ugonjwa, ili waliobashiri kwamba atafanya machache wavune. Baadaye alikiri kosa mahakamani. Tazameni hapo: ni mwili uleule ukitoa ushahidi uleule wa uongo. Si kila anayejirusha ataishia kama Porter, na nisingependa mtu aniwekee maneno hayo mdomoni. Lakini aliyezoea kusema kwamba mwili wake umeumia wakati haukuumia, siku atakapoletewa bei, ugumu wa kukataa utakuwa umeshapungua.

Makocha wa shule na vilabu vya mitaani, kuanzia Dar es Salaam hadi Kampala na Kigali, kwenu namalizia, kwa kuwa mikononi mwenu wamo watoto ambao bado hawajaharibika. Msiniambie kwamba haya ni mambo ya Marekani. Sheria za FIBA mnazochezea zinahesabu kujifanya umechezewa rafu kuwa kosa la kiufundi, na mwaka 2021 Ligi ya Kikapu Afrika ilianzia Kigali, mbele ya macho ya watoto hao hao, wakiota kufika pale. Watanzania walimwona Hasheem Thabeet akitoka Dar es Salaam na kuchaguliwa wa pili katika usajili wa NBA mwaka 2009. Bismack Biyombo alizaliwa Lubumbashi. Hao wote wawili waliitwa kule kwa kazi ya kukaba na kuzuia mipira, kazi ya mtu anayebaki kwa miguu yake.

Wafundisheni watoto kuanguka salama, kidevu kifuani, mgongo ukiwa wa mviringo, mikono isitangulie. Wafundisheni kukita miguu kabla ya mgongano na kupokea kwa kifua bila kurudi nyuma. Wafundisheni kumwinua mpinzani. Mkimwona mmoja anarusha kichwa bila kuguswa, simamisheni mazoezi palepale, mumtoe nje, hata kama ndiye mfungaji wenu mkuu na Jumamosi mna mechi. Hasa kama ndiye mfungaji wenu mkuu.

Na wewe kijana unayesoma haya, mwenye viatu vilivyochakaa na ndoto kubwa, nakusihi. Kesho jioni uwanjani utapitwa. Mtu mwepesi kuliko wewe atakuzunguka, na utajua ndani ya nusu sekunde kwamba ukipiga kelele na kujitupa huenda mzee mwenye filimbi akakuhurumia. Usijitupe. Geuka, kimbia, rudi ukabe tena.